Sikio la Fundi Mutegi

Nyuma ya soko la Gakoromone, pale pikapu za kabeji hugeuzia, kuna benchi la mbao lililolazwa juu ya magurudumu mawili ya trekta. Ni la Celina muuza kahawa, kwa maana kwamba yeye ndiye hulipangusa umande asubuhi, lakini wanaolikalia ni wale wale miaka yote. Upande wa ukutani hukaa Kaberia, mwalimu mstaafu anayeitwa Ripoti, kwa sababu hajawahi kusema jambo bila kutaja ripoti fulani aliyoisoma. Katikati hukaa Nthiga, mtu wa Embu anayenunua avokado kwa magunia, na jina lake la hapo ni Bado, maana ukimkatiza husema bado hajamaliza. Mwisho wa benchi, upande wa kushoto, hukaa fundi Mutegi ambaye kibanda chake cha kutengeneza pikipiki kiko hatua kumi kutoka hapo. Hukaa mwisho ili sikio lake la kulia lielekee wenzake, kwa kuwa la kushoto liliuawa na matumbwitumbwi alipokuwa darasa la tatu. Kwa sikio hilo moja lililobaki watu walimletea pikipiki hata kutoka Kanyakine. Ukiiwasha, Mutegi alifumba macho, akainamisha kichwa, halafu akakutajia ugonjwa wake kabla hajashika spana.

Jumatano moja ya mwezi wa pili, Mutegi alikunywa nusu ya kikombe, akakiweka chini katikati ya miguu yake, akasema bila kumtazama mtu:

– Keshokutwa naenda Nairobi. Wananipasua kichwa.

Celina alikuwa akimimina. Akaacha kumimina.

– Kichwa gani? – akauliza Bado.

– Kwani niko na kingine?

– Nauliza upande gani.

– Nyuma ya sikio. Hili hili la kulia.

Akawaeleza, ingawa hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa miezi minane sikio lilikuwa likilia ndani kama birika lililosahauliwa motoni. Baadaye maneno ya watu yakaanza kumfikia yakiwa nusu nusu. Kisha akaanza kuyumba akitembea, mpaka mchungaji wao akamvuta kando siku moja baada ya ibada na kumuuliza kwa upole kama ameanza kunywa. Hapo ndipo Wawira, mkewe, alipompeleka hospitali, na kutoka hospitali hiyo wakatumwa kwa nyingine, na huko Nairobi akaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za kichwa.

– Wamepata uvimbe, – akasema. – Si saratani. Daktari amesema si ile mbaya. Lakini inakua, na inakua ikielekea ubongo. Huko ndani kuna mishipa miwili imepita tundu moja, kama waya mbili kwa bomba moja. Moja ni ya kusikia. Ile ingine ndiyo inafanya mtu asimame wima asianguke. Hiyo kitu imeota kwa ile ya kusimama, sasa inafinya jirani yake.

– Basi si waitoe, – akasema Celina.

– Wakiitoa, sikio linaenda. Hakuna njia ya kufika huko bila kupitia ndani ya sikio lenyewe. Wanachimba mfupa.

– Na hilo lingine lilishaenda.

– Lilishaenda.

Pikapu moja iligeuza, ikajaza moshi, ikaondoka. Mutegi akaendelea, akiongea polepole kama mtu anayesoma mwandiko wa mwingine.

– Wanasema kuna kifaa. Wakishatoa uvimbe, kabla hawajashona, wanaupima ule mshipa wa kusikia hapo hapo waone kama ungali hai. Ukiwa hai, wanaingiza uzi mwembamba wa chuma ndani ya konokono.

– Konokono gani tena? – akauliza Bado.

– Sikio la ndani limejikunja kama konokono. Alinichorea. Uzi unaingia humo, unapeleka umeme kidogo kwa mshipa, na mshipa unafikiri ni sauti. Huku nje unavaa kitu kama kifungo kikubwa cha koti, kinashikwa na sumaku juu ya ngozi. Hicho ndicho kinachukua maneno na kuyapeleka ndani.

– Na mshipa ukipatikana umekufa?

– Hawaweki kitu. Naamka kiziwi, na hapo ni mwisho.

Karatasi ya kukubali upasuaji ilikuwa ndani ya mfuko wa shati lake tangu Jumatatu. Wawira alimuuliza asubuhi ile kama ameshaitia sahihi, akajibu kwamba ataitia. Hakumwambia kwamba kila akiitoa huirudisha mfukoni bila kuandika kitu.

Ripoti alijisafisha koo.

– Kuna ripoti nilisoma. Hizo vimbe zinaletwa na simu. Watu wa pikipiki mnaweka simu ndani ya helmeti, imegusana na fuvu, siku nzima. Fuvu linapata joto.

– Mimi huvaa helmeti mara moja kwa mwezi, – akasema Mutegi.

– Ndiyo shida yenyewe. Fuvu halijazoea.

– Hapana, – akasema Bado. – Hiyo ni kelele. Miaka ishirini mtu anasikiza eksozi, kelele inaingia lakini haitoki kwa upande wa pili, kwa sababu upande wa pili umezibwa. Mahali itaenda ni wapi? Inajikusanya. Inakuwa uvimbe.

– Kelele haina nyama, – akasema Celina.

– Bado sijamaliza. Avokado ikigongwa, si inafanya donge jeusi ndani, na nje ni nzima? Donge hilo limetoka wapi? Limetoka kwa kugongwa. Sikio pia linagongwa.

Hiyo ilimfanya hata Ripoti atikise kichwa kidogo. Mutegi alikuwa akitazama midomo yao. Siku hizo hakutegemea tena sikio peke yake. Alichukua nusu ya neno kwa sikio na nusu kwa macho, na yaliyopotea katikati aliyajaza mwenyewe. Wakicheka, naye alicheka.

– Mimi hicho kifaa ndicho kinanipa wasiwasi, – akasema Ripoti. – Kuna ripoti kwamba vinashika redio.

– Redio gani?

– Yoyote iliyo karibu. Mtu ameketi kanisani ametulia, anasikia matangazo ya mazishi.

– Yanaingia bila betri? – akauliza Bado, na ilionekana jambo hilo linaanza kumvutia.

– Bila betri, bila nini.

– Basi kama kinashika, pia kinarusha. Hiyo ni lazima. Kuna mtu ameketi ofisini huko ng'ambo, anasikia vile Wawira anamwambia Mutegi alete sukari.

– Sasa huyo anapata faida gani? – akauliza Celina.

– Anajua huku tunakula sukari kiasi gani. Wanaiandika. Mwaka ujao inapanda.

– Na radi? – Ripoti akaongeza. – Hii mvua yetu ya mwezi wa nne unaijua. Mtu ametembea na chuma kichwani katikati ya shamba la kahawa. Kuna ng'ombe alipigwa radi Mikinduri kwa sababu ya hereni ya chanjo.

– Hiyo hereni ni ya plastiki, Mwalimu.

– Ripoti haikusema ni ya nini.

Bado akamgeukia Mutegi, akaweka mkono juu ya goti lake.

– Mimi ningekuwa wewe singesaini. Saa hii bado unasikia kidogo, si ni kweli? Kidogo ni kidogo. Kwa nini mtu aende kuzimiwa kidogo alichonacho akiwa na macho yake mawili?

Hayo Mutegi aliyapata yote, kwa sababu Bado alikuwa karibu na alisema polepole. Tena ndiyo maneno aliyokuwa akijiambia mwenyewe tangu Jumatatu. Akainuka aende kibandani akafikirie peke yake, akapiga hatua moja kuingia njiani.

Mkokoteni ulikuwa ukishuka kutoka upande wa viazi, magunia sita juu, na mwenye kuuvuta alikuwa amepiga kelele watu wakae kando, mara tatu. Watu wote walisogea. Mutegi hakusogea. Celina alilirusha sinia chini, akamshika mkanda kwa nyuma na kumvuta kwa nguvu mpaka wote wawili wakakaa juu ya benchi kwa kishindo. Gunia la mwisho lilimpangusa begani. Mwenye mkokoteni alipita akitukana, na matusi hayo pia Mutegi hakuyasikia. Aliona tu mdomo wa mtu asiyemjua ukifunguka na kufungika.

Vikombe vinne vilikuwa vimevunjika. Celina akaanza kuokota vipande. Bado alitazama viatu vyake.

Mutegi akatoa karatasi mfukoni.

– Mwalimu, nipatie kalamu.

– Lakini hatujakubaliana, – akasema Ripoti.

– Ndiyo. Nipatie kalamu.

Akaitia sahihi juu ya sinia la Celina, lililokuwa na maji maji ya kahawa, kwa hiyo kona moja ya karatasi ikabaki na doa la kahawia. Daktari wa Nairobi alilitazama doa hilo siku ya Ijumaa, hakuuliza kitu, akaiweka karatasi ndani ya faili.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Wawira aliketi kwenye korido akisoma ubao mmoja wa maelekezo mpaka akaujua kwa moyo. Mutegi alipofumbua macho, dari ilikuwa ikizunguka, na kitu cha kwanza alichogundua ni kwamba lile birika la ndani ya sikio lilikuwa lingali linalia, ila sasa halikuwa na kitu kingine cha kushindana nacho. Wauguzi walipita, magurudumu ya kitanda cha jirani yalipita, Wawira alisema jambo, vyote bila sauti. Daktari akaja na karatasi aliyokwisha kuiandika, akaishika mbele ya uso wake.

Iliandikwa: Uvimbe umetoka. Mshipa wa kusikia tumeubakisha. Kifaa tumeweka. Tutakiwasha baada ya wiki sita, kidonda kikipona. Hapo ndipo tutajua.

Mutegi aliisoma mara mbili. Akataka kuuliza tutajua nini, lakini alilijua jibu.

Wiki hizo sita alikaa nyumbani kwake nje ya mji. Mshipa wa kusimama wima ulikuwa umeondoka na uvimbe, kwa hiyo ilimbidi ajifunze kutembea kama mtoto. Wawira alimshika mkono, wakapita katikati ya mistari ya ndizi, kwenda na kurudi, yeye akikaza macho kwenye nguzo ya ua isimtoroke. Wiki ya tatu alifika kwenye nguzo bila kushikwa. Waliongea kwa daftari. Wawira aliandika maneno mafupi: kula, dawa, binti yako Kendi amepiga, anakusalimia. Mutegi alijibu kwa mdomo, na kwa kuwa hakusikia sauti yake mwenyewe alipaza sana au alinong'ona sana, akaona kwenye uso wa mkewe ni lipi kati ya mawili. Baada ya muda akaacha kujibu, akawa anaitikia kwa kichwa.

Mvua ilianza. Aliitazama ikipiga mabati ya zizi, akaona matone yakiruka, akangoja sauti ifike kama inavyochelewa sauti ya shoka la mtu aliye ng'ambo ya bonde. Haikufika. Aliketi mlangoni mchana kutwa, mara nyingi akiitazama njia, lakini hakuna wa benchi aliyekuja. Juma la kwanza simu yake ilitetemeka mara mbili juu ya meza, ikionyesha jina la Nthiga, yule Bado. Aliishika mkononi mpaka ikatulia. Haikutetemeka tena.

Kifaa kiliwashwa na mtaalamu wa kusikia, dada mmoja mpole aliyeitwa Ruguru. Alimbandika kile kifungo nyuma ya sikio, sumaku ikakishika, akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake. Mutegi alikunja uso. Kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Ruguru akafunga mdomo na mkwaruzo ukakoma. Akafungua tena, mkwaruzo ukarudi. Hivyo ndivyo Mutegi alivyotambua kwamba ule mkwaruzo ulikuwa ni mtu anaongea.

Ruguru akamwonyesha Wawira ishara aseme kitu.

– Baba Kendi, – akasema Wawira.

Kilichofika kilikuwa kama mbu ndani ya kopo. Lakini mbu huyo alikuwa na mapigo manne, ba-ba-ken-di, na Mutegi akayahesabu kwa kidole juu ya goti lake, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Wawira alidhani anaumwa.

Hospitalini walimwambia wazi kwamba hii haitakuwa sauti ya zamani, na kwamba kazi ndiyo inaanza. Kila asubuhi Wawira alimsomea kurasa mbili za gazeti la juzi naye akifuata mstari kwa kidole, kisha akamsomea bila yeye kuliona. Kuku walimchanganya. Bomba la maji lilimchanganya zaidi. Siku moja jikoni Wawira alisema chumvi imeisha akiwa amempa mgongo, na Mutegi akanyoosha mkono na kuchukua pakiti nyingine juu ya kabati kabla ya wote wawili kugundua kilichotokea.

Mwishoni mwa mwezi wa tano akarudi Gakoromone. Alifungua kibanda, akatoa vumbi, halafu akaenda kuketi mwisho wa benchi, mahali pake. Celina alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Vikombe vilikuwa vipya, vya plastiki.

– Muga, Mutegi, – akasema Ripoti.

– Muga.

– Amesikia, – Ripoti akawaambia wengine.

– Hiyo ni salamu, – akasema Bado. – Salamu hata ng'ombe anaijua. Ngoja. – Akasogea karibu, akapanua mdomo. – MUTEGI. AVOKADO ZANGU ZIKO NGAPI?

Mutegi akarudi nyuma kidogo.

– Usipige kelele. Ukipiga kelele maneno yanavunjika. Ongea kawaida, na unitazame.

– Avokado zangu ziko ngapi? – akasema Bado, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

– Sijui.

– Amesikia, – akasema Ripoti tena.

Walikitazama kifaa kwa zamu. Celina alitaka kujua kama kinaumiza akilala, akaambiwa hukivua. Ripoti alitaka kujua kama kimeshika redio yoyote, na alipoambiwa hapana alionekana kuwa na mashaka, akasema labda mlima unayazuia mawimbi.

– Sauti zetu ziko namna gani? – akauliza Celina. – Ni zile zile?

Mutegi akafikiri.

– Wewe na Bado ni sawa sawa. Natofautisha kwa midomo. Sauti zote ziko kama bati. Lakini zinaanza kukaa.

– Sasa hapo kuna jambo, – akasema Bado. – Kama mimi na mama tuko sawa, basi hiyo si mimi. Hiyo ni mashine inanisemea. Mimi nasema kitu, mashine inachukua, inasema yake.

– Kuna ripoti, – akasema Ripoti. – Inatafsiri. Hizo mashine zimetengenezwa kwa Kiingereza. Tunaongea Kiswahili, inageuza Kiingereza, inarudisha Kiswahili, ndiyo maana anachelewa kujibu.

– Na Kimeru?

– Kimeru inaruka. Haikijui.

– Bado sijamaliza. Kama inatafsiri, inaweza kuongeza. Mimi nasema nipatie spana, inamwambia nimemtukana. Tunakosana na mtu miaka kumi, na ni mashine.

Mutegi alisikiliza, akapata karibu nusu, zaidi ya alivyotarajia. Alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta viti vimepangwa vilevile. Alikunywa kahawa. Tangawizi ilikuwa kali.

Msichana mmoja akaja akaomba kahawa. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Nchiru, jina lake Maxine kama alivyomwambia Celina, na alikuwa akingoja shangazi yake amalize kununua ndizi. Bado akamsogezea nafasi. Msichana alikitazama kile kifungo nyuma ya sikio la Mutegi, akaona haya, akatazama kando.

– Tazama tu, – akasema Ripoti. – Hakuna siri. Huyu ni fundi wetu. Alikuwa na uvimbe kwa mshipa wa sikio, tena sikio la pekee. Wakautoa, na hapo hapo, kabla hawajafunga, wakaweka mtambo. Wiki sita alikaa kiziwi kabisa ndipo ukawashwa.

– Wiki sita? – akauliza Maxine.

– Bila kusikia hata radi. Tumepitia mengi na huyu.

– Hata sahihi, – akasema Bado, – aliitia hapa hapa. Sisi ndio tulikuwa naye.

Maxine alitikisa kichwa kwa heshima. Akapuliza kahawa yake, akaonja, akamgeukia Ripoti. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua tu.

– Na hizo wiki sita, mlikuwa mnaongea na yeye vipi?

Mutegi alilipata swali lote. Msichana alikuwa anatamka vizuri na uso wake ulikuwa mbele yake. Akamtazama Ripoti ili asikie jibu. Mdomo wa Ripoti ulifunguka kidogo, ukafungika. Mutegi akamtazama Bado. Bado alikuwa akizungusha kikombe kitupu kati ya viganja vyake, akikitazama chini. Celina alikuwa ameshika kitambaa bila kupangusa kitu.

Mutegi akadhani betri imekwisha. Akainua mkono, akakikwaruza kifaa kwa ukucha. Kikamrudishia mkwaruzo wake, mkali na safi. Kilikuwa kinafanya kazi.

Maxine alingoja, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akadhani labda ameuliza vibaya. Celina akachukua chupa, akaiinamisha juu ya kikombe cha Mutegi. Yakatoka matone mawili, matatu. Akaitikisa, akaiinamisha tena.

– Kahawa imeisha, – akasema Celina, kwa sauti ya chini, akiwa amegeukia ukuta.

Mutegi akayasikia maneno yote mawili.